Mwanagenzi Afundishwe Vipi Kupigana?

Mtu akitoka Unguja kwa mara ya kwanza na akaambiwa kwamba jamaa zake wa Maskati wanakaa Ghala, hudhani wanaishi ndani ya stoo. Ghala yetu hii ni mtaa katika wilaya ya Bausher, upande mmoja nyumba za watu, upande wa pili magereji na karakana. Alkhamisi jioni tunakusanyika kwa dada yangu. Sisi wakubwa tunakaa na kahawa yetu, na vijana wanajifungia chumba cha ndani na kompyuta zao. Katika chumba hicho ndimo nilimopata shughuli ninayotaka kuieleza leo, nayo ni kusoma, kupima, na mwisho wake kuandika miongozo ya mapigano kwa ajili ya wanaoanza kucheza World of Warcraft.

Najua wapo wasomaji watakaosema haya ni mambo ya watoto, jarida letu na lizungumzie mashairi na riwaya kama ada yake. Nawaomba subira. Mwongozo nao ni maandishi. Una mwandishi na una msomaji, una lugha, unaweza kuwa mzuri na unaweza kuwa mbovu. Tena una mtihani ambao utenzi hauna: msomaji akishaufunga, ama anaweza kulifanya jambo lile ama hawezi. Mimi umri wangu wa kazi nimeupitisha kwenye pampu na mitambo ya maji, na vitabu vya maelekezo nilivyoandika ni vingi kuliko barua. Kwa hiyo nilidhani hili ninalijua.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaeleza kwa ufupi. Ulitoka Marekani mwezi wa Novemba 2004 na Ulaya Februari 2005. Maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni kwa njia ya intaneti, kila mmoja na mhusika wake, wanatembea, wanafanya biashara, wanapigana na majitu. Mwaka 2019 wenye mchezo walilirudisha toleo la zamani, lile la mwanzo, na hilo ndilo wanalocheza vijana wetu. Kila anayeanza huchagua fani moja kati ya 9. Mpango huu wa fani haukuzuliwa na mchezo huu; umetoka katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, ambao mwanzoni ulikuwa na fani tatu tu: mtu wa silaha, mtu wa sihiri na mtu wa dini.

Sasa, kwa nini kila fani ihitaji mwongozo wake? Hapa nitasema kama fundi wa maji, maana sikuielewa mpaka nilipoiona hivyo. Kila fani ina tangi lake. Tangi la mpiganaji linaitwa ghadhabu: huanza tupu, hujaa anapopiga na anapopigwa, na huvuja akipumzika. Tangi la mnyemeleaji, yule wa visu na kiza, ni la nguvu 100, nalo hujijaza lenyewe, 20 kila sekunde 2, apigane asipigane. Tangi la mwenye sihiri ni mana: huanza limejaa na kila anachokifanya hulipunguza. Ukishalijua hili umeshajua nusu ya vita. Mpiganaji vita vikirefuka anapata nguvu, mwenye sihiri vita vikirefuka anakwisha. Ndiyo maana mwongozo mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Cha ajabu ni kwamba katika miongozo niliyoletewa na vijana, na waliniletea mingi, wameichapa kwenye karatasi ili nisome na miwani yangu, hakuna hata mmoja ulioanza na tangi. Kile kitabu kinene kilichokuja ndani ya boksi la mwaka 2004 kina historia ndefu ya falme na vita vyao, na kila fani imepewa maelezo ya sifa zake. Ni kitabu kizuri cha kusoma kitandani. Baada yake ikaja miongozo ya mabingwa, nayo karibu yote ni orodha. Bonyeza hiki, kisha hiki, kisha kile mara tatu, rudia. Hii ni lugha ya mtu anayemwandikia mwenzake, bingwa kwa bingwa, ambaye mengine yote ameshayajua na amebakiwa na kuuliza utaratibu tu. Juu yake wameandika kwamba ni mwongozo wa wanaoanza, kwa sababu umeandikwa kwa kifupi. Ufupi si wepesi.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionitia katika kazi hii. Binti wa dada yangu alichagua fani ya mponyaji, ile ambayo kwa Kiingereza inabeba jina la mtu wa kanisani. Alikuwa akifa. Akipigana na mmoja anashinda kwa taabu, akija wa pili anakufa. Mwongozo wake ulisema: jikinge, piga sihiri moja au mbili, kisha maliza kwa kifimbo. Kifimbo ni silaha ndogo inayopiga kutoka mbali bila kutumia mana. Yeye kifimbo alikidharau. Sihiri inapiga kwa nguvu zaidi, kwa nini atumie kifimbo? Akawa anapiga sihiri mpaka mana inakwisha na adui bado amesimama.

Akaniuliza mimi, na mimi sikujua. Ikabidi nitafute. Katika toleo hili la zamani kuna kanuni ya sekunde 5: ukitumia mana, ile mana inayorudi yenyewe kwa sababu ya roho ya mhusika husimama, na haianzi kurudi mpaka sekunde 5 zipite bila ya wewe kutumia tena. Kwa hiyo kila sihiri moja inafunga bomba la kuingizia maji kwa sekunde 5. Anayepiga sihiri kila baada ya sekunde 4 bomba lake halifunguki abadan. Anayepiga mbili mwanzoni kisha akashika kifimbo, anaendelea kumuumiza adui huku tangi linajaa. Akifika kwa adui wa pili anayo mana ya kujiponya. Yule bingwa alikuwa sahihi kabisa. Alisema kweli, na binti akafa, kwa sababu kweli ile haikuwa na sababu yake.

Basi nikaamua kuandika wangu. Na hapa uhakiki lazima unigeukie mwenyewe. Nilitoa kurasa 14. Sura ya kwanza ilikuwa matangi, ya pili mabomba, ya tatu jadweli la muda. Nikaeleza kwamba baada ya karibu kila tendo kuna sekunde 1.5 za kusubiri kabla ya tendo jingine, lakini kwa mnyemeleaji ni sekunde 1. Nikaeleza mpaka kuchelewa kwa mawasiliano: kutoka Maskati mpaka Ulaya ya kati ni takribani kilomita 5,000, nuru ndani ya waya wa kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu, hata njia ingekuwa imenyooka, kunakula sehemu 50 katika elfu za sekunde, na njia haikunyooka. Yote sahihi. Nilijivunia mchoro wa ukurasa wa 9.

Binti alisoma kurasa mbili. Akaniambia kwa adabu, "Mjomba, mpaka wewe umalize kueleza, mimi nshakufa."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini neno lake lilinirudisha kwenye pampu. Fundi mpya pale kazini hakuwahi kujifunza kwa sura ya kwanza. Alijifunza siku pampu iliponyonya hewa ikaanza kupiga kelele kama imejazwa kokoto, na mtu akamwambia: sikia, hiyo ndiyo sauti yake, na imesababishwa na hiki. Vitabu vyangu vyote vya kazini, sura iliyochakaa kwa vidole vya mafuta ilikuwa moja, ile ya mwisho, ya hitilafu na dalili zake. Mbele kulikuwa kusafi kama siku ya kuchapwa.

Kwa hiyo tulianza upya, yeye na mimi, na safari hii tuliupindua. Tukaanza na kifo. Mwanagenzi hana hamu ya kujua namna ya kupigana, hana hata swali la kuuliza. Swali analipata akishakufa: kwa nini nimekufa? Na tulipohesabu tukakuta kila fani inavyo vifo vyake, vichache, na vinajirudia.

Mchomaji, yule wa moto na barafu, hufa kwa sababu adui amemfikia. Yeye amevaa kitambaa. Barafu yake inampunguzia adui mwendo, lakini mwanagenzi hufurahia moto kwa sababu moto unaumiza zaidi, basi adui anafika mzima. Anayo pia sihiri ya kumgeuza adui kondoo, na adui atabaki kondoo kwa muda asipoguswa, naye mwanagenzi anamgusa. Msasi hufa katika uwazi: katika toleo la zamani upinde haupigi adui aliye karibu zaidi ya yadi 8, na mkuki haufiki zaidi ya 5, na adui akisimama katikati ya hizo mbili msasi hana la kufanya isipokuwa kusogea, na hakuna aliyemwambia asogee. Mpiganaji hufa kwa ushindi. Anamwona adui amebakisha pumzi mbili, anakimbia, naye anamfukuza. Wale viumbe nusu samaki nusu chura waitwao murloc hukimbilia kwa wenzao, na mpiganaji anajikuta mbele ya wanne. Na mponyaji hufa kwa kungoja. Kinga yake ikivunjika hawezi kuiweka tena mpaka sekunde 15 zitimie tangu alipoiweka, na mwanagenzi hukibonyeza kitufe kile kile, na kukibonyeza, na kukibonyeza.

Angalia kwamba katika kila kifo sababu imo ndani yake. Huna haja ya sura ya matangi. Tangi linaingia lenyewe pale lilipopasuka.

Upo uhodari mmoja wa mabingwa ambao lazima niusifu. Mwanagenzi wa uponyaji akiingia katika kundi la watu watano huona mwenzake kapigwa na hapo hapo humponya. Vizuri? Hapana. Uponyaji nao unachukiza. Kila adui huhesabu nani anamwudhi zaidi, na kila nukta ya uponyaji huhesabiwa kama nusu nukta ya maudhi, ikagawanywa kwa maadui wote waliopo. Ukiponya mapema, kabla yule anayetakiwa kubeba kipigo hajawaudhi vya kutosha, wote wanakuja kwako. Mwongozo mmoja wa kibingwa uliieleza habari hii kwa sentensi mbili safi kabisa, na sisi tumeziiba maana yake bila haya. Lakini ziliwekwa mwisho, chini ya kichwa cha mambo ya ziada.

Sasa nije kwenye lugha, kwa sababu hapa tuligombana zaidi. Mchezo huu unapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kirusi na lugha nyinginezo, lakini si kwa Kiswahili, wala si kwa Kiarabu. Vijana wetu wanauzungumza kwa Kiswahili usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiandika. Binti aliponitajia fani yake kwa mara ya kwanza akasema "padri". Bibi yao alikuwa anapita na sinia. Akasimama mlangoni. "Nani padri?" Ikabidi wote waeleze. Tukakaa kuyatafuta majina na hapo nikajua kwamba kutafsiri fani ni kutoa hukumu. Ukisema mchawi, kwetu huyo si mtu wa kumshangilia. Mganga ana kilinge na ada. Nikapendekeza mchomaji kwa yule wa moto, na mponyaji kwa yule wa kanisani, na wakakubali kwa sababu jina limetaja kazi. Binti aliandika "dua ya kuponya" na baba yake akasema dua haiombwi mchezoni, tukaweka "ponyo". Mbeba kipigo wao humwita tangi, kama Waingereza, na mimi nikakataa katakata, kwani katika mwongozo wangu tangi lilikuwa na maana nyingine. Nikashindwa. Tangi lao limebaki, na langu likaitwa "akiba". Kwa neno moja wamefuta kurasa zangu 14.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ya maneno ni sauti. Miongozo mingi ya mabingwa ina dharau. Haikutukani waziwazi. Inasema "hakuna sababu ya mtu kufa hapa", au "hata mtoto anaweza". Sisi dharau hii tunaijua. Waliokaa kwenye baraza la bao Unguja watakumbuka. Kete 64, mashimo 32, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hakuna aliyekaa na mgeni kumweleza lini nyumba ichezwe na lini iachwe. Unatazama miezi, unaruhusiwa kukaa, unapigwa mbele za watu, watu wanacheka, unarudi kesho. Hapa Oman kuna hawalis, mchezo wa jamaa hiyo hiyo, safu nne za mashimo saba saba, na adabu ya kufundisha ni ile ile. Wazee hutetea: aliyejifunza hivyo hasahau. Labda. Lakini sisi tunawahesabu waliobaki barazani tu. Wale waliochekwa mara moja wakaondoka hakuna anayewahesabu.

Nasema hivi kwa sababu tulikuwa na mmoja. Mtoto wa ami yake binti, yuko Unguja, miaka 14, alinunuliwa kompyuta akaingia mchezoni ili awe pamoja na binamu zake wa huku. Kwa baadhi yao ndiyo njia pekee ya kuonana wiki kwa wiki. Naye akachagua uponyaji kumuiga dada yake. Akaingia kundini na watu asiowajua, akaponya mapema, wakafa wote watano, na mmoja akamwita mzigo. Akafunga kompyuta. Wiki tatu hakuonekana. Mama yake alidhani amekuwa mtoto mwema, anasoma.

Mwongozo wetu, toleo la tatu, umeandikwa kwa ajili yake, na nadhani ndiyo maana umekuwa bora kuliko lile la pili. Mwandishi akimjua msomaji wake kwa jina hawezi kuandika "hata mtoto anaweza". Binti ndiye aliyeuandika, mimi nilisahihisha tahajia. Ni kurasa mbili na nusu. Kila kifo kina aya yake: unaona nini kwenye skrini kabla yake, kimesababishwa na nini, mara nyingine ufanye nini. Na kila aya inaanza na "nilikufa", kwa sababu kweli alikufa.

Mpwa wangu mwingine, kaka yake, alituuliza kama tunapoteza wakati. Mwezi wa Juni 2025 toleo jipya la mchezo, siyo hili la zamani, lilipewa msaidizi wa mapigano. Kitufe kinachofaa kubonyezwa kinawaka chenyewe, na ukitaka, kitufe kimoja kinakufanyia zamu nzima kwa kukupunguzia kasi kidogo. Nani atasoma mwongozo? Swali lake ni zuri na nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba msaidizi yule amewaua waandishi wa orodha, wala sitakwenda mazikoni. Orodha ilikuwa kazi ya mashine tangu mwanzo. Lakini mashine inayokuangazia kitufe haikwambii kwamba murloc wako anakimbia kwenda kuwaita wenzake, wala haikusogezi hatua tatu nyuma. Final Fantasy XIV wao wamejenga ukumbi wa wanagenzi ndani ya mchezo, ambamo unafundishwa kwanza wajibu, kubeba kipigo au kuponya au kuumiza, kabla ya fani. Wazo hili nimelipenda na ningelipa maksi nyingi, ila mwalimu wa ukumbini hawezi kukwambia kwamba na yeye alikufa pale.

Kasoro za mwongozo wetu zipo. Fani mbili hatukuzigusa kabisa kwa sababu hakuna anayezicheza nyumbani. Sentensi za mwisho za kifo cha mpiganaji bado ni ndefu. Hizo ni zangu. Na neno "akiba" silipendi hata leo.

Kijana wa Unguja alitumiwa Jumatatu. Ijumaa alikuwemo mchezoni. Jumamosi akaturudishia zile kurasa, ameongeza aya mwisho, kwa Kiswahili chake cha skuli, safi kuliko chetu sote. Kifo cha saba: alikuwa na uhai kamili na mana kamili, hakuna adui hata mmoja, aliruka kutoka juu ya jabali ili aone chini kuna nini. Mimi nilisema hicho si kifo cha vita, hakistahili kuwemo. Tukapiga kura nikashindwa, mmoja kwa wanne, na bibi yao alikuwa upande wao.